Cheti na Mtungi

Sisi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ziwa letu la Tanganyika ni la mukeke na ndagala, samaki wa kula. Ziwa la samaki wa mapambo lilikuwa la akina Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki hai kutoka Bujumbura kwenda ng'ambo. Mwaka 1974 mtaalamu Max Poll alimpa samaki mmoja jina la Brichard, brichardi. Wafanyabiashara wakamwita Binti Mfalme wa Burundi. Makubwa hayo! Anaishi miambani, kwa hiyo hufuatwa kwa kupiga mbizi.

Mtungi wa hewa una ukoo wake. Cousteau na Gagnan walibuni kifaa cha kupumulia majini huko Ufaransa mwaka 1943. PADI, shirika la vyeti vya mbizi, lilianzishwa Marekani mwaka 1966 na Ralph Erickson na John Cronin, na Cronin alikuwa muuzaji wa vifaa vya mbizi wa kampuni ya U.S. Divers. SSI nayo, shirika jingine la vyeti, ilinunuliwa mwaka 2014 na kampuni ya HEAD, yenye chapa ya vifaa vya mbizi ya Mares. Sishangai: anayekufundisha kupumua majini ndiye wa kwanza kukuonyesha cha kununua. Ila majedwali ya kawaida ya kina na muda wa mbizi yamepimwa kwa usawa wa bahari. Tanganyika iko mita 770 hivi juu yake, na hapa lazima yarekebishwe, mtungi uwe wa chapa yoyote.