Kibarua wa Kilindini na Asili ya Ajira ya Kudumu

Wanaosomea usimamizi wa wafanyakazi hufundishwa kanuni zake kana kwamba zilitungwa na wataalamu waliokaa faraghani wakifikiri: kuchagua watu kwa uangalifu, kumwekea kila mmoja daftari lake, kumlipa ujira unaomtosha yeye na ahali zake, na kuyasikiliza malalamiko yake kabla hayajageuka fitina. Katika bandari ya Mombasa kanuni hizo hazikupatikana kwa njia hiyo. Zilitokana na mvutano uliodumu takriban miaka 30, na aliyezisababisha zaidi ya mtu mwingine yeyote ni kibarua wa Kilindini, ambaye kwa muda mrefu jina lake halikuandikwa katika daftari lolote la mwajiri.

Daftari lilikuwako, lakini lilikuwa daftari la kumfunga mtu. Kwa sheria ya mwaka 1915, ambayo utekelezaji wake ulingoja hadi Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, nacho ni cheti chenye alama za vidole, ambamo mwajiri aliandika siku ya kuajiri, kadiri ya ujira na siku ya kuachisha, na aghalabu kilitiwa katika kikebe cha madini na kuvaliwa shingoni. Aliyetoroka kazi kabla mwajiri hajatia saini ya kumwachilia alitafutwa kama mhalifu. Harry Thuku alipowaongoza watu wa Nairobi kulalamika, mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa dhulma kubwa walizozitaja.

Gatini mambo yalikuwa mengine. Meli huja kwa majira yake, leo nne na kesho hakuna, na makampuni ya kupakia na kupakua shehena hayakutaka kumlipa mtu siku ambayo hapana la kufanya. Kwa hiyo yaliwaandika makuli asubuhi na kuwalipa jioni, na habari ikaisha hapo. Walikuja Waduruma, Warabai, Wadigo na Wagiriama kutoka vijiji vya karibu, pamoja na wenyeji wa mji, na Washihiri, na watu wa bara waliozidi kuongezeka mwaka hata mwaka. Mtu aliyekuwa na minazi yake na shamba lake la mahindi aliweza kufanya kazi siku chache, akapata fedha ya kodi na ya nguo, kisha akarudi kwao bila ya kumwomba mtu ruhusa. Maofisa wa serikali waliiita tabia hiyo uvivu. Mimi naiona kuwa ilikuwa hifadhi, maana katika nchi ambayo sheria zake zote zilimsukuma Mwafrika aende kwa bwana, kibarua alikuwa amebakiwa na haki moja ya kutokwenda.

Na haki hiyo ndiyo iliyowatia waajiri hofu. Mtu aliyeajiriwa kwa siku moja hatishiki kwa kufukuzwa, kwani kila jioni amekwisha kuachishwa; akitaka kugoma, hana la kufanya ila kutofika kesho yake. Makuli waligoma mwaka 1934, wakagoma tena mwaka 1939, na tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ukasimama. Watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani, waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili, wakikusanyika kila siku katika uwanja wa Majengo walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hawakurudi kazini ila baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kufika na kuwasihi, nao wakaahidiwa kwamba madai yao yatachunguzwa. Jaji Thacker, yuleyule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta huko Kapenguria, aliongoza baraza la uchunguzi lililowaongezea wafanyakazi malipo. Ama Chege Kibachia, kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka uleule akahamishwa Baringo.

Hapo ndipo watawala walipokata shauri kwamba kibarua asiyejulikana ni hatari kuliko mfanyakazi wa kudumu. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyochunguza ujira wa Waafrika, ilikiri kwamba ujira uliokuwa ukipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke haufai, ikapendekeza uelekezwe polepole kwenye kipimo cha mtu mwenye familia. Gatini nako wakaanza kuandikishwa makuli kwa majina, na aliyekosa kufika mara nyingi akafutwa. Mgomo wa Machi 1955, ambao kijana Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliingia kuusuluhisha, uliwaletea nyongeza kubwa, na chama cha makuli kikapata nguvu kuliko vyama vingi vya nchi.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama, na si haki kuinyamazia. Yule wa Rabai au Uduruma aliyezoea kuja baina ya palizi na mavuno alikuta mlango umefungwa, kwa sababu waliobakia ndani walikuwa wachache, wenye mishahara bora, na aghalabu ni wale waliokwisha kuukata uhusiano na mashamba yao. Usimamizi ulimpa mmoja amani ya maisha kwa kumtoa mwenziwe.

Yaliyotokana na mvutano huo yakaja kuandikwa rasmi. Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani wa mwaka 1962, ambao Mboya aliusimamia akiwa Waziri wa Kazi, uliwakutanisha waajiri, vyama na serikali juu ya njia za kusuluhisha magomvi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo yamtambua kibarua kuwa ni mtu alipwaye mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Na kifungu chake cha 37 chasema kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zitimizazo mwezi, basi ahesabiwe kuwa ni mwenye mshahara wa mwezi, asiachishwe bila ya ilani. Kwa kifungu hicho vibarua waliotumika miaka mingi bado wanafika mahakamani, wakidai waandikwe.