Pombe na Unga kwa Wazee Wanaoishi na VVU nchini Tanzania

Katika tiba ya VVU, mtu huhesabiwa kuwa na umri mkubwa tangu miaka 50, muongo mzima kabla ya miaka 60 inayotajwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Kundi hili limekua kwa sababu njema: wengi walioanzishiwa dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wakiwa na thelathini na kitu, sasa wamevuka hamsini. Lakini tafiti za kitaifa za VVU za mwaka 2003–04, 2007–08 na 2011–12 ziliishia kwa wenye miaka 49, na huduma za uraibu kwa kawaida humlenga kijana. Mzee anayelewa hakosi kliniki; anachokosa ni kuulizwa.

Pombe ndiyo inayotumiwa zaidi. Mwili unaozeeka hupungukiwa maji, hivyo kiasi kilekile cha pombe hulevya kuliko zamani. Tenofoviri, iliyomo katika kidonge cha kila siku pamoja na lamivudini na dolutegraviri, inaweza kuelemea figo na kupunguza uimara wa mifupa. Pombe nayo hudhoofisha mifupa hiyo na kumwangusha mtu. Isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu inaweza kuumiza ini, na hatari hupanda kwa umri na kwa unywaji. Dalili zenyewe, yaani kusahau, kuyumba, kukonda na kukosa usingizi, husingiziwa uzee, na uchunguzi huishia hapo.

Ugumu mkubwa uko kwenye heshima. Njombe, mkoa uliokuwa na kiwango cha juu kabisa cha maambukizi katika utafiti wa 2022–23 (asilimia 12.7), ni nchi ya ulanzi, Kilimanjaro ni ya mbege. Huko pombe ya asili ni kinywaji cha vikao, na mzee hupewa kwanza. Muuguzi wa umri wa mjukuu, aliyekwisha kumwamkia mgonjwa shikamoo, huona aibu kumuuliza papo hapo jana alikunywa kiasi gani. Tena kumwambia mzee aache kabisa ni kumwondoa barazani kwa wenzake, jambo ambalo ushauri mwingi haulifikirii. Hata maswali 10 ya AUDIT, dodoso la kupima unywaji, yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1989, huhesabu vinywaji vyenye kipimo maalumu. Ulanzi mpya, mtogwa, hauna ukali wa ule uliochacha, mkangafu, na kata ya mbege haina kipimo hicho. Mshauri mwenye umri mkubwa, hasa anayeishi na VVU mwenyewe, akiuliza kwa vyombo vya mahali hapo, hujibiwa.

Imani moja inadhuru kuliko zote: kwamba dawa za VVU na pombe havipaswi kukutana mwilini. Mgonjwa akitaka kunywa, anaruka kidonge. Ushauri sahihi unapaswa kutamkwa wazi kila anapohudhuria: apunguze pombe, lakini kidonge asikiruke hata siku aliyokunywa.

Heroini, yaani unga, ni ya wachache, ila wachache hao wanazeeka. Unga uliingia pwani miaka ya 1980, na baadhi ya vijana wa wakati ule sasa ni wazee. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika kabla ya dolutegraviri, ilikuwa ikishusha methadoni kwenye damu na kuleta arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Dolutegraviri haina tatizo hilo, lakini rifampisini ya kifua kikuu bado inalo, kwa hiyo dozi hupaswa kurekebishwa. Kwa umri huu methadoni inadai pia kipimo cha umeme wa moyo, kwani inaweza kuvuruga mapigo, na onyo kali dhidi ya kuichanganya na pombe au valiamu, ambazo kwa pamoja huweza kuzima pumzi. Mwenye magoti mabovu hawezi kupanda daladala kila alfajiri kunywa dozi mbele ya muuguzi. Aliyetulia kwenye tiba anastahili kupewa dozi za nyumbani, na siku ya kuzifuata ipangwe kuwa ileile ya kuchukua dawa za VVU.