Kulowea: neno la mkorosho na la mtu

Kiswahili kina maneno kibao ya mtu kuwa mahali: kukaa, kuishi, kuhamia, kupiga kambi. Kulowea kuna uzito wake. Aliyehamia anaweza kurudi alikotoka kesho. Aliyelowea kageuza ugeni kuwa kwao, kajenga, kaoa, kazika. Huku Naliendele sijalisikia neno hili sokoni wala kwenye daladala. Mzee atakwambia, "Sisi tulihamia hapa zamani." Kulowea kumebaki vitabuni.

Hebu tuanze na mkorosho. Naliendele inajulikana kwa kituo cha utafiti wa kilimo, na korosho ndiyo jina lake kubwa. Mti wenyewe asili yake ni Brazil. Wareno ndio walioufikisha kwenye pwani hii, karne ya 16. Leo nani Mtwara atauita mgeni? Umelowea.

Kwa binadamu, mambo yamekwenda vingine. Mlowezi tuliyefundishwa darasani ni Mzungu mwenye shamba kubwa, wa Kenya au Rhodesia. Nomino ikanuka ardhi iliyoporwa, na kitenzi nacho kikaambukizwa. Nani tena apende kuambiwa amelowea?

Sasa watazame Wamakonde wa Msumbiji. Enzi za ukoloni walivuka Ruvuma kufuata kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wengine wakasonga mpaka Kwale, Kenya, kwenye mkonge na miwa. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, maelfu wakavuka tena, safari hii wakikimbia risasi. Wale wa Kwale walizaa, wakapata wajukuu, lakini hawakuwa na vitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Serikali ikawakubali, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho.

Miaka yote hiyo waliitwa wageni, wahamiaji, wakimbizi. Mwenye hati ya shamba alipewa jina la kudumu, mlowezi. Mkata mkonge akapewa majina ya mpita njia, hata alipozeekea papo hapo. Kwani kulowea kunahitaji hati? Maana ya neno haisemi hivyo. Inataka mtu aliyetoka kwingine, akakaa moja kwa moja.

Ndiyo maana mimi nalitumia bila kuona haya: Wamakonde wa Kwale wamelowea Kenya, kama mikorosho ilivyolowea Mtwara.