Kinanda Kilichorudi Ngomani

Neno kinanda halikuanza na piano. Washairi wa Lamu walipolitaja, walikusudia ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi. Zilipofika ala za Kizungu za kubonyeza, jina likahamia huko.

Ulaya nako piano iliazima ngoma za watu. Frédéric Chopin, aliyeihama Warszawa mwaka 1830, alitunga mazurka zaidi ya 50 kutokana na ngoma za vijijini Polandi, lakini alizitunga zisikilizwe. Wachezaji wakabaki nje ya mlango.

Uswahilini Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa vitongoji vya Kinondoni na Temeke walizichukua ngoma za Kizaramo wakazitilia kinanda kidogo cha Casio, wakakipitisha katika vipaza sauti vya mdomo wa tarumbeta hata mlio ukakwaruza. Huo ndio mchiriku. Kundi la Jagwa Music liliundwa mwaka 1992. Wastaarabu, au waliojiita hivyo, waliuona uhuni mtupu. Hawakumsikiliza mpiga kinanda. Hana gitaa wala zumari la kumpokea. Akinyamaza, zinabaki ngoma na mwimbaji, na uwanja unaanza kupoa.