Kichapishi cha Zamani, Kompyuta Mpya na Neno "Kiendeshi"

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazotumika maofisini, "kiendeshi" ni mojawapo ya zile zinazostahili kutazamwa upya. Kichapishi cha zamani kinapokataa kufanya kazi na kompyuta mpya, mtumiaji huambiwa kuwa hakina kiendeshi. Kwa kuwa neno hilo limetokana na kitenzi "endesha", ni rahisi adhani kwamba mtambo umepungukiwa na mota au kipuri, na kuandika barua ya kuomba ununuliwe mwingine, ilhali ule wa kwanza ni mzima. Katika makala haya tutaeleza historia ya jambo lenyewe, kwani istilahi haiwezi kupimwa pasipo kuifahamu dhana yake.

Mnamo mwaka 1970 kampuni ya Centronics ya Marekani ilitoa kichapishi kilichoitwa Model 101. Kiungo chake na kompyuta kilikuwa na nyaya 8 za kupitishia data, kila waya ukichukua biti moja, hata herufi nzima ikapita kwa mara moja. Kampuni nyingine ziliuiga mpango huo, na kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 iliufuata pia, ingawa tundu la upande wa kompyuta lilikuwa la pini 25 badala ya 36. Mwaka 1996 ilitangazwa sanifu ya kwanza ya USB, na baada ya hapo tundu la zamani likatoweka polepole katika kompyuta mpya. Pengo hilo huzibwa kwa waya wenye kigeuzi, upande mmoja USB na upande wa pili kiungo cha zamani.

Lakini waya ni njia tu. Yanayopita njiani ni lugha. Kichapishi cha Epson MX-80, kilichotoka mwaka 1980, kiligonga utepe wa wino kwa sindano 9. Kilipokea kila herufi kama namba, mathalani A kwa 65, na amri zake nyingi zilitanguliwa na namba 27. Mwaka 1984 Hewlett-Packard walileta LaserJet yenye lugha ya PCL, na mwaka 1985 Apple wakaleta LaserWriter iliyotumia PostScript ya kampuni ya Adobe. Katika miaka ya 1990 vikaja vichapishi vya bei nafuu visivyojua lugha yoyote ya namna hiyo: kompyuta huchora ukurasa mzima, navyo hupokea nukta tupu kwa utaratibu unaojulikana na mtengenezaji peke yake.

Hapa ndipo penye ajabu. Mkongwe wa mwaka 1980 aweza leo kuchapa maandishi ya kawaida yanayotoka katika kompyuta mpya, kwa sababu lugha yake ni ya wengi. Bali kile kilichokuja miaka 15 baadaye huweza kuwa bubu kabisa. Programu ifasiriyo ukurasa kwa ajili yake huandikwa kwa mfumo maalumu wa uendeshaji: iliyoandikwa kwa Windows ya biti 32 haifanyi kazi katika Windows ya biti 64. Mtengenezaji akiacha kuiandika upya, kichapishi hakikuharibika, kimekosa mkalimani. Kwa kile kijuacho PCL au PostScript, mara nyingi yatosha kuchagua programu ya jumla ya lugha hiyohiyo. Mfumo wa CUPS, uliotolewa mwaka 1999 na kuenea katika Linux, unazo programu za namna hiyo.

Basi, kiini cha dhana hii si kuendesha, bali ni kufasiri. Tena "kiendeshi" hutumika pia kwa kifaa kinachosoma na kuandika diski, na neno moja kwa dhana mbili za fani moja ni mzigo kwa mfasiri. Twapendekeza "kiendeshi" kibaki na diski, na dhana hii iitwe "programu fasiri". Twatambua kwamba neno lililokwisha kuzoeleka haling'oki kwa amri: "ngamizi" na "tarakilishi" hazikuiondoa "kompyuta". Kwa hiyo, katika kipindi cha mpito, maneno yote mawili yaandikwe pamoja katika miongozo na taarifa za mafundi, ili mwenye kuidhinisha ununuzi atambue kama kinachotakiwa ni mtambo au ni programu.