Ile Dawa Chungu ya Usambara Iliyopewa Jina la Jenerali

Kama uliwahi kushikwa na tumbo ukiwa kwa bibi, unajua kilichofuata. Kikombe, majani yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi, na amri moja tu: kunywa, usinuse. Chungu kama shubiri! Sasa hiyo ni cha mtoto. Milima ya Usambara ilishatoa kitu kikali zaidi, na kilinywewa na jeshi zima.

Iko hivi. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea pale Amani, Usambara Mashariki. Walipanda miti ya kila aina, ukiwemo mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes kule Amerika Kusini. Magome yake ndiyo yenye kwinini, na enzi hizo ukiumwa malaria kimbilio lako lilikuwa hiyo.

Mwaka 1914 vita ikaja. Meli za Waingereza zikafunga bahari, dawa za kutoka Ulaya zikawa za shida. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na bunduki, lakini mbu hapigwi bunduki bana. Ikabidi wageukie magome ya hapa hapa Usambara, na vidonge vikatengenezwa Mombo. Ndiyo, Mombo hii hii unayoshuka basi kabla ya kupanda Lushoto.

Mwaka 1916 Waingereza wakaichukua Usambara. Kiwanda kikaenda, ila shehena ya magome ilikuwa imeshapelekwa kusini. Kule porini hakuna mashine ya vidonge, basi wakafanya kama bibi: chungu, maji, moto. Wagonjwa wakaibatiza "Lettow-Schnaps", yaani gongo ya Lettow. Utani wa watu wanaotetemeka kwa homa. Jenerali mwenyewe alikuja kukiri kwenye kumbukumbu zake kwamba ladha yake ilikuwa mbaya sana.

Na haikuishia mdomoni. Uchungu kidogo huamsha hamu ya kula, ndiyo maana watu wa zamani waliyaamini magome hayo hata kwa tumbo. Ukizidisha, masikio yanavuma, kichefuchefu kinapanda, tumbo linachafuka kabisa. Na gome moja halina nguvu sawa na lingine, sasa kwenye chungu utapimaje? Mgonjwa alikuwa anabahatisha, na asipokunywa malaria inamsubiri. Noma.

Lettow alisalimu amri Novemba 1918 kule Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia. Jina lake likabaki kwenye ile dawa. Waliobandua magome, waliokoka moto, wapagazi waliobeba mizigo ya vita hiyo na kufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wengi wao hata jina halikuandikwa popote.

Leo ukiumwa malaria unapimwa, unapewa dawa mseto, unaenda zako. Bustani ya Amani bado ipo, wilayani Muheza, na kiingilio unalipa getini.