Fataki Zilizolowa Maji: Risasi za Vita Kuu, Kutoka Kisii Hadi Moshi

Septemba 12, 1914, vilima vya Kisii vilitikisika kwa milio ya bunduki. Jeshi la Wajerumani likiongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen lilikuwa limevuka mpaka kutoka koloni lake la Afrika Mashariki na kuuteka mji, makao makuu ya Wilaya ya South Kavirondo, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Nyamira. Kikosi cha nne cha King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, kililishambulia siku hiyo. Kapteni Thorneycroft wa KAR aliuawa, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea mpakani. Abagusii walioingia mjini na kujitwalia mali iliyoachwa waliadhibiwa baadaye na serikali ya kikoloni kwa kunyang'anywa mifugo.

Vita hivyo husimuliwa kwa majina ya makapteni. Lakini katika kampeni yote ya Afrika Mashariki, maisha ya askari yalitegemea pia kitu kidogo kuliko punje ya hindi: fataki, kile kikombe cha madini kilichopachikwa kwenye kitako cha risasi, ambacho hugongwa na pini ya bunduki na kuiwasha baruti.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye mtutu wa milimita 11. Zilitumia baruti nyeusi, hivyo kila aliyepiga risasi alijifichua kwa wingu la moshi. KAR walitumia risasi za .303, ambazo baruti yake haikuwa na moshi mzito. Ushindi wa Tanga mwezi Novemba 1914 uliwapa Wajerumani bunduki za Kiingereza na risasi zipatazo 600,000, lakini mahitaji yalikuwa makubwa zaidi.

Msaada ulikuja Aprili 1915. Meli ya Rubens, iliyojigeuza kuwa meli ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Uingereza, Hyacinth. Nahodha wa Rubens aliipandisha kwenye maji ya kina kifupi, ikapigwa mizinga na kuwaka moto. Shehena kubwa ya bunduki na risasi iliopolewa, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kupenya. Baruti na fataki zilianza kuharibika, na risasi zilizokataa kulipuka zikazidi siku hadi siku.

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika kampeni hiyo, ameeleza katika kumbukumbu zake hatua waliyochukua. Kule Moshi Mpya, askari na wapagazi walifanya kazi kwa miezi, asubuhi hadi jioni: walifungua risasi mojamoja, wakasafisha baruti, na kubadilisha baadhi ya fataki kwa nyingine za aina tofauti zilizopatikana humo kolonini. Risasi nzima zilitengwa kwa ajili ya bombomu. Zile zilizotengenezwa upya, ambapo moja kati ya tano ilitarajiwa kugoma, ziliwekwa kwa mapigano. Zilizogoma zaidi ya hapo zilitumika katika mazoezi.

Fundi wa silaha huanza kuchunguza risasi iliyogoma kwa kutazama alama ya pini. Ikiwa shimo kwenye fataki ni la kina cha kutosha na bado haikulipuka, huenda unyevu umeiharibu. Ikiwa shimo ni jepesi, hushuku springi iliyolegea, uchafu ndani ya bolti (kifungio cha mtutu), au fataki isiyokaa sawasawa. Fataki ambayo haijafika mwisho wa tundu lake husukumwa mbele na pini, na nguvu ya pigo hupotea hapo. Kwa hiyo kuweka fataki za aina nyingine kulihitaji uangalifu mkubwa.

Kasoro nyingine hutoka kwenye nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali ambapo risasi huzuiwa isisonge mbele zaidi. Risasi ya .303 na ile ya Mauser ya 1871 huzuiwa na ukingo wa kitako. Ile ya Mauser mpya zaidi, ya 1898, huzuiwa na bega la ganda. Nafasi ikizidi, risasi hukimbia pini na huenda isilipuke. Ikilipuka, fataki huweza kujitokeza nje ya kitako, au ganda likavutika na kukatika karibu na kitako, gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni.

Leo Kenya hutengeneza risasi katika kiwanda cha serikali huko Eldoret, na sheria ya silaha inadhibiti vikali utengenezaji wake. Historia ya Moshi Mpya inatufundisha kwamba kazi ya kuzitengeneza upya risasi ilikuwa ustadi wa kweli, na iliendeshwa kwa mikono ya Waafrika. Wanastahili kutajwa katika kila simulizi la vita hivyo, sawa na makapteni wa Kisii. Na wewe msomaji, ukifukua risasi ya zamani shambani, usiigonge wala usiifungue: fataki iliyozeeka haitabiriki. Iache ilipo, watoto wakae mbali, uwaarifu polisi.